Ukucha Ukisalia

Mchinga, kaskazini ya mji wa Lindi, ni nchi ya kazi za vidole. Nazi hukunwa kwa mbuzi, na mkunaji akighafilika, meno ya mbuzi hayachagui kati ya nyama ya nazi na nyama ya mtu. Muhogo humenywa kwa kisu kilichopoteza mpini zamani. Samaki huparuliwa magamba, korosho hubanguliwa moja moja, na maji ya bamvua yakishatoka wanawake hushuka mwambani kuchokoa pweza, vidole vya miguu vikitangulia juu ya matumbawe makali. Watoto nao wana milango, wana mchi na kinu, wana panga la baba lililoachwa uani. Haupiti muda mrefu kabla ya nyumba moja au nyingine kupata kilio cha kidole.

Kilio hicho kina utaratibu wake. Damu ni nyingi kuliko jeraha, mama anapagawa, majirani wanaingia na majivu au unga wa kahawa, na mtu mmoja anatumwa kukitafuta kipande kilichokatika. Kisha bibi, ambaye ameyaona haya kabla ya mama wa mtoto kuzaliwa, anamshika mjukuu mkono na kumwambia anyamaze, kitaota tena. Anasema ili mtoto atulie. Lakini pale jeraha lilipoishia mbele ya shina la ukucha, maneno ya bibi si ya kubembeleza tu. Kidole kweli huota.

Jambo hili ni la kipekee katika mwili wetu. Mkono ukikatika kiwikoni haurudi. Kidole kikikatika katikati hakirudi. Kuanzia bega hadi ukucha, na kuanzia nyonga hadi kidole cha mguu, ni ncha hiyo tu, milimita chache, inayoweza kurejea na nyama yake, ukucha wake, hisia zake na hata mistari ya ngozi yake, badala ya kufungwa kwa kovu. Na katika mkoa huuhuu wa Lindi, kwa vizazi vingi, watu wamepoteza ncha hizohizo bila kisu wala mlango, kwa ugonjwa wa ukoma. Nimekuja kuamini kwamba habari hizi mbili zina mzizi mmoja. Kinachorudisha ncha ya kidole na kinachoipoteza kinazunguka vitu viwili ambavyo hatuvipi heshima yake: ukucha, na neva zinazotufanya tuumie.

Ndani ya ncha

Kila kidole kina pingili tatu za mfupa, isipokuwa vidole gumba vyenye mbili. Ukijumlisha mikono na miguu unapata pingili 56. Ya mwisho ndiyo ndogo, nayo ndiyo yenye shughuli kubwa. Ndani ya kidole chenyewe hakuna msuli wa kukikunja. Misuli hiyo imekaa kwenye kigasha, na huvuta kano ndefu zinazopita kiganjani hadi kujishika kwenye shina la pingili ya mwisho. Ndiyo sababu fundi aliyepoteza ncha ya kidole chake kwa msumeno bado anakikunja barabara: kano ilijishika nyuma ya jeraha.

Upande wa chini wa pingili hiyo kuna nyama laini tunayobonyezea kila kitu, tuiite tumbo la kidole. Nyama hiyo si donge moja la mafuta. Nyuzi ngumu hutoka mfupani hadi kwenye ngozi na kuigawa katika vyumba vidogo vilivyofungwa, kama chungwa lilivyogawanyika ndani ya ganda lake. Bila nyuzi hizo, ngozi ingeteleza juu ya mfupa kila unaposhika sindano au unapovuta uzi wa mshipi wenye samaki upande wa pili.

Lakini vyumba hivyo vina gharama yake, na anayeijua ni yule aliyewahi kupata mdudu wa kidole. Mwiba wa samaki huchoma, bakteria huingia, usaha hujaa ndani ya chumba kisichotanuka. Kidole hudunda kwa kila pigo la moyo na usingizi hauji. Watu husubiri, wanatumbukiza kidole katika maji ya moto yenye chumvi, wanasubiri tena. Wakati huo mgandamizo wa usaha unaibana mishipa midogo ya damu, na ncha ya mfupa inaweza kufa kwa kukosa damu. Shina la mfupa huponea kwa kuwa lina vijishipa vyake vinavyoingia mapema, kabla ya kufika kwenye vyumba. Maumivu ya mdudu yanayofukuza usingizi si ya kuvumilia kwa siku kadhaa. Usaha uliokwisha kufungika ndani hutolewa kwa kupasuliwa na mhudumu anayejua apasue wapi.

Kila kidole kina mishipa miwili mikuu ya damu upande wa kiganja, mmoja kulia na mmoja kushoto, na neva mbili zinazoandamana nayo. Zikifika kwenye ncha, neva hizo hutawanyika kuwa matawi mengi mno. Daktari akikugusa mgongoni kwa ncha mbili za bikari zilizoachana sentimita tatu, huenda ukahisi umeguswa mara moja tu. Akifanya hivyo kwenye ncha ya kidole cha shahada, unazitenganisha hata zikiwa milimita mbili au tatu. Kwa uwezo huo mama anachambua mchele giza likiingia na kuitoa chembe ya mchanga ambayo jicho halikuiona.

Halafu kuna ukucha. Tunaoupaka hina au rangi ni sehemu iliyokwisha kufa. Ukucha ulio hai umefichwa nyuma, chini ya ngozi, karibu na shina la pingili. Hapo ndipo unapotengenezwa, na kile cheupe tunachokiona mwanzoni mwa ukucha, hasa kwenye gumba, ni ukingo wa mbele wa karakana hiyo. Ukucha wa mkono husogea takriban milimita tatu kwa mwezi, hivyo huchukua kama miezi sita kuwa mpya kabisa. Wa mguu huenda kwa nusu ya mwendo huo au pungufu. Ukucha wa kidole gumba cha mguu uliong'oka kwa kujikwaa unaweza kukuchukua mwaka na zaidi.

Daktari asiyeshona

Mwaka 1974 daktari wa hospitali ya watoto ya Sheffield, Uingereza, Cynthia Illingworth, aliandika kuhusu watoto waliobanwa vidole na milango na kukatika ncha. Miaka miwili kabla yake daktari wa Australia, Douglas, alikuwa ameeleza jambo la aina hiyohiyo. Desturi ya wakati ule ilikuwa kupeleka mtoto chumba cha upasuaji, kufupisha mfupa, kuvuta ngozi juu yake na kushona, au kubandika kipande cha ngozi kilichotolewa mahali pengine. Illingworth alifanya machache kuliko hayo. Alisafisha jeraha, akalifunika kwa kitambaa kisichogandamana, akaliacha wazi bila kushona. Baada ya wiki kadhaa, kwa watoto ambao jeraha lao halikuvuka kiungo cha mwisho, ncha ilirudi na ukucha ukarudi, kwa namna ambayo ilikuwa taabu kujua ni kidole kipi kilichoumia.

Napenda habari hii kwa sababu inaonyesha ustadi wa kujizuia. Daktari aliyesomea kushona anapoamua kutoshona, anahitaji moyo zaidi ya aliyekwisha shika sindano. Jeraha lililofungwa kwa ngozi iliyovutwa hupona upesi, lakini hupona kama kigutu. Lililoachwa chini ya kifuniko chenye unyevu huchelewa, hutoa majimaji yenye harufu inayomtisha mzazi, na chini yake nyama inajijenga. Leo hospitali nyingi duniani hufanya hivyo hata kwa watu wazima, wakifunga ncha kwa plasta nyembamba ya plastiki inayobadilishwa takriban mara moja kwa wiki. Mtu mzima hapati yote anayopata mtoto: mfupa hauongezeki kwa kiasi cha kusifia, na ukucha unaweza kurudi umepinda kidogo. Lakini tumbo la kidole hujaa, na hisia hurudi vizuri kuliko chini ya ngozi ya kubandikwa.

Kwa nyumba ya Mchinga, hii ina maana ya mambo machache. Damu izuiwe kwa kubana kidole na kitambaa safi huku mkono umeinuliwa. Jeraha lioshwe kwa maji safi yanayotiririka. Majivu, kahawa, mafuta ya taa na oili ya pikipiki vikae mbali, maana kila kimoja kinaua au kuchafua nyama ileile inayotakiwa kuota. Zahanati ni ya lazima hata kama jeraha ni dogo, kwa ajili ya sindano ya pepopunda. Ikiwa mfupa umechomoza, au kidole kimekatika nyuma ya ukucha, safari ni ya hospitali, na kipande kilichokatika kiende pia, kimefungwa katika kitambaa safi chenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ukiwekwa juu ya barafu bila barafu kugusa nyama. Barafu haikosekani panapouzwa samaki.

Panya walichofichua

Kwa nini iwe ncha tu, na mpaka uwe ukucha? Jibu limetafutwa kwa panya, ambao mwaka 1982 Richard Borgens alionyesha katika jarida la Science kwamba wao pia hurudisha ncha za vidole vyao vya mbele. Ukikata mbele ya shina la ukucha, kidole kinarudi. Ukikata nyuma yake, linabaki kovu.

Kilichoonekana baadaye kinashangaza kuliko kurudi kwenyewe. Katika siku za mwanzo, panya haanzi kujenga. Anabomoa. Seli maalumu hula sehemu kubwa ya mfupa uliosalia, kana kwamba mwili unataka kiwanja kisafishwe kwanza. Kisha hukusanyika kichungu cha seli changa, na kutoka humo mfupa mpya, ngozi mpya na mishipa mipya huchipua. Kwa muda watu walidhani seli hizo husahau asili yao na kuwa tayari kuwa chochote. Mwaka 2011 watafiti wa Stanford walionyesha kwamba sivyo. Seli za mfupa hutengeneza mfupa, za ngozi hutengeneza ngozi, na hakuna inayovuka kwenda ukoo mwingine.

Mwaka 2013 kundi la Mayumi Ito mjini New York likaeleza kazi ya ukucha. Katika shina la ukucha zimo seli shina ambazo, pamoja na kutengeneza ukucha, hutoa ishara za kemikali ziitwazo Wnt. Ishara hizo huita neva ziote kuelekea kwenye jeraha, na neva zikishafika, mfupa hupata amri ya kukua. Watafiti walipozima ishara hizo, kidole hakikurudi. Walipokata neva, hakikurudi pia. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto waliongeza kipande kingine: seli zinazozifunika neva ndizo zinazomwaga kemikali za kuamsha ujenzi.

Kwa hiyo mpaka wa ukucha si bahati nasibu. Ukikata nyuma ya shina umeondoa karakana na mpiga mbiu kwa pigo moja.

Ni vizuri kulijua hilo kabla ya kununua miujiza. Mwaka 2005 mzee mmoja wa Cincinnati, Marekani, alikatwa ncha ya kidole na rafadha ya ndege ya kuchezea, akanyunyizia unga uliotengenezwa kwa kibofu cha nguruwe, na kidole kikaota. Magazeti ya dunia yakashangilia kwa miaka kadhaa. Madaktari wa mikono wakauliza swali la kawaida: jeraha liliishia wapi? Lilikuwa dogo, mbele kabisa, mahali ambapo kidole kingeota hata bila unga. Sidhani kama bidhaa hiyo ingepata wateja wengi Mchinga, lakini waganga wetu nao wana unga wao, na swali la kuwauliza ni lilelile.

Wapo viumbe wanaotuzidi sana. Pweza aliyepoteza mkono wake kwa mkunga huurudisha mzima, na vinyonyeo na neva zake, kwa miezi kadhaa. Mjusi hurudisha mkia, ingawa kwa hila: ndani ya mkia mpya hakuna pingili za uti wa mgongo, kuna mrija wa gegedu. Na hapa Afrika Mashariki kuna panya wenye miiba ambao ngozi yao huchanika kirahisi wakikamatwa na adui. Ashley Seifert na wenzake waliwakamata wa aina mbili nchini Kenya, wakifanya kazi na kituo cha Mpala, Laikipia, na mwaka 2012 wakaripoti katika jarida la Nature kwamba panya hao wanaweza kupoteza hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongo na kuiotesha upya pamoja na manyoya yake. Tundu la milimita nne likitobolewa sikioni hujiziba kwa ngozi, gegedu na vinyweleo, bila kovu. Wawindaji wa uwezo huu duniani walikuwa wamezoea kwenda Mexico kwa mijusi-maji inayorudisha mguu mzima. Mamalia mwenye siri ya namna hiyo alikuwa akikimbia juu ya mawe ya Laikipia.

Ncha inayotambulika na isiyotambulika

Mistari ya ncha za vidole huchorwa tumboni mwa mama, kabla mimba haijatimiza miezi mitano, na mchoro wake hukaa pale ngozi ya juu inapokutana na ya chini. Ndiyo sababu kuungua juujuu hakuufuti. Jambazi wa Marekani John Dillinger alijiunguza vidole kwa asidi mwaka 1934 ili polisi wasimtambue. Mistari ilirudi, na ndiyo iliyomtambulisha maiti yake mwaka huohuo.

Mwanamke anayebangua korosho hana nia ya kumficha mtu jina lake, lakini anaunguzwa vilevile. Ndani ya ganda la korosho kuna mafuta meusi yenye ukali unaobabua ngozi, na wabanguaji hupaka mikono majivu au mafuta ya kula ili yasinate. Ncha zao huwa nyeusi na ngumu, hubambuka, hujirudia, hubambuka tena. Wavuvi wana kamba, wajenzi wana saruji, wakulima wana mpini wa jembe. Mwaka 2015 Tanzania iliandikisha wapiga kura kwa alama za vidole, na kuanzia Mei 2019 laini za simu zikaanza kusajiliwa kwa alama hizohizo. Kijikioo cha kijani cha kusomea alama hizo kikajua kitu ambacho vijiji vilikijua zamani: mtu wa kazi ngumu na mzee wa miaka mingi hawana mistari ya kuonyesha siku zote. Wengi huambiwa wapake mafuta, waoshe, wajaribu kidole kingine. Mkono ukipumzika wiki chache, ngozi hujiumba na mchoro hurudi. Tatizo ni kuzipata hizo wiki chache msimu wa korosho.

Vidole vya miguu havitambulishi mtu serikalini, labda ndiyo maana vimesahaulika. Funza hakuvisahau. Kiroboto huyu si mwenyeji wetu. Alifika Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, akapita bara zima kwa miguu ya wapagazi na askari, na kabla karne haijaisha alikuwa ameifikia pwani ya Bahari ya Hindi. Jike hujichimbia kwenye ngozi, na mahali anapopapenda mno ni kando ya ukucha wa mguu. Akitolewa kwa pini chafu, na mwingine akaingia, na mwingine, shina la ukucha linaharibika. Sasa tunajua kinachopotea hapo: pamoja na ukucha, inapotea karakana ambayo ingeirudisha ncha siku ya kukatika.

Kidole kisichoumia

Nimeiacha habari ya ukoma mwisho kwa sababu ndiyo inayonikera zaidi. Bado wapo watu wanaoamini kwamba ukoma huozesha vidole hadi vikadondoka, na kwamba ukikaa karibu na mgonjwa vyako vitafuata. Hakuna kinachodondoka.

Bakteria wa ukoma, aliyegunduliwa na Gerhard Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873, hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi kidogo, na huongezeka polepole mno, akichukua takriban wiki mbili kugawanyika mara moja. Mikono, miguu, masikio na pua vina ubaridi wa kumfaa. Huko hushambulia neva. Kwanza hutokea baka la rangi hafifu au jekundu lisilohisi. Baadaye hupotea uchungu wa moto na uchungu wa mwiba. Yule mama aliyekuwa akitambua chembe ya mchanga katika mchele sasa anaipua sufuria jikoni kwa mikono mitupu na hajui kwamba anaungua mpaka asikie harufu.

Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia miaka ya 1940, ndiye aliyelifuatilia jambo hili kidole kwa kidole. Aliona kwamba nyama ya wagonjwa hupona vizuri inapolindwa. Kilichowamaliza ni majeraha yasiyouma: ufunguo uliozungushwa kwa nguvu mno, mwiba uliokaa ndani siku nyingi, uchafu ulioingia hadi mfupani. Jeraha juu ya jeraha, mfupa wa ncha huliwa na mwili wenyewe na kidole hufupika kuelekea ndani. Walikuwepo hata wagonjwa waliopoteza vipande vya vidole usiku, wakaja kugundua kwamba panya wamewatafuna wakiwa wamelala. Huku pwani tunasema panya huuma akipuliza. Kwa mtu asiye na neva, panya hana haja ya kupuliza.

Ukiutazama mkono wa mtu aliyeugua ukoma muda mrefu bila dawa, mara nyingi utaona jambo la ajabu: kidole kimebaki nusu, lakini kijipande cha ukucha bado kipo juu ya kigutu. Karakana imehama na kidole, bado inafanya kazi. Mfupa nao uliliwa, kama unavyoliwa kwa panya wa maabara kabla ya kujengwa upya. Ujenzi haukufuata. Mimi si daktari, na ukoma una mengi zaidi ya neva, lakini nikiweka habari ya New York kando ya habari ya mikono hiyo, naona ni kazi ileile iliyokatishwa nusu: mbomoaji alifika, mjenzi hakuitwa. Kisukari nacho hufanya vivyo hivyo kwa vidole vya miguu, na kadiri wali, soda na kukaa kitako vinavyoongezeka Lindi na Dar es Salaam, ndivyo ganzi hiyo inavyopata wenyeji wapya ambao hawajawahi kuusikia ukoma isipokuwa katika hadithi.

Tanzania ilianza kutumia mchanganyiko wa dawa dhidi ya ukoma mwaka 1983, na mwaka 2006 ikashuka chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Hiyo ni hesabu ya taifa zima. Lindi iliendelea kuwa miongoni mwa mikoa inayopata wagonjwa wapya kila mwaka, na Liwale, wilaya ya mkoa huuhuu, ilichaguliwa pamoja na Nanyumbu na Kilombero kwa mpango ulioanza mwaka 2015, ambapo watu wa nyumbani na majirani wa mgonjwa walipimwa na kupewa dozi moja ya rifampisini ili ugonjwa usiwapate.

Dawa huua bakteria. Neva zilizokwisha kufa haizifufui. Kwa hiyo mgonjwa aliyepona hufundishwa kazi nyingine, ya kila jioni: kuloweka miguu na mikono katika maji ya kawaida, kupaka mafuta, kisha kukagua kila kidole kwa macho, upande wa juu na wa chini na katikati, akimwomba mtoto amwangalie nyayo asizoziona. Sufuria hushikwa kwa kitambaa kinene. Viatu huvaliwa hata uani, vya soli ngumu isiyopenyeka mwiba. Matibabu yenyewe huchukua miezi sita kwa mwenye mabaka machache na mwaka mmoja kwa mwenye mengi, na ni bure katika vituo vya serikali. Baka ambalo halihisi linapopapaswa kwa pamba ni sababu tosha ya kwenda zahanati kesho asubuhi.